Tano Nimeivuka, Saba Sijaifika

Katika ile gereji kubwa kulikuwa na neno moja lililokuwa ghali kuliko magari yote yaliyong'arishwa kule mbele nyuma ya vioo. Ukilitamka wewe mteja, kwa kinywa chako, bila kusaidiwa, gari lako linatengenezwa bure. Usipolitamka, tia mkono mfukoni. Na hakuna aliyeruhusiwa kukuambia neno lenyewe ni lipi.

Aliyelijua vizuri ni mpokezi wa magari, mwanamke mfupi mwenye sauti ya upole ambaye kila mtu, tangu mafundi mpaka mlinzi wa getini, alimwita Kiduchu. Mbele yake juu ya kaunta kililala kinasa sauti kidogo, cheusi, kama mende aliyekufa. Mteja akija, Kiduchu anakibonyeza, kitaa chekundu kinawaka, naye anauliza swali lile lile: "Gari lako lina tatizo gani? Eleza kwa maneno yako." Kikishawashwa, hakizimwi mpaka mteja mwenyewe aseme amemaliza. Hiyo ilikuwa sheria. Sauti zile zilipelekwa kiwandani, huko mbali, zikasikilizwa na watu ambao Kiduchu hakuwahi kuwaona hata kwa picha.

Neno lenyewe lilikuwa "linasita".

Maana yale magari madogo ya mizigo, yenye pua fupi kama ya paka, yalikuwa na ugonjwa wa kuzaliwa nao. Mafundi waliusema waziwazi wakiwa chini ya gari: "Huo ndio ugonjwa wake," kama watu wanaomsema mtoto wa jirani. Ukikanyaga mafuta, gari linanguruma, linakaa kidogo kama linalofikiri, ndipo gia inashika. Likiendelea hivyo, iko siku gia haishiki tena, na giaboksi nzima inabadilishwa.

Kiwanda kilijua. Lakini breki zilikuwa zinashika, usukani unageuka, na hakuna aliyekufa. Na kiwanda huyaita magari yote yarudi pale tu roho za watu zinapokuwa hatarini. Kwa ugonjwa huu hakikumwita mtu. Kilituma agizo la chini kwa chini: dhamana ikishakwisha, atakayekuja na kusema mwenyewe kwamba gari linasita, kiwanda kitamlipia. Atakayesema vingine, atalipa mwenyewe. Na mpokezi akimfundisha mteja la kusema, gari litatengenezwa, ila gharama itakatwa kwenye tawi.

Mpokezi aliyemtangulia Kiduchu alimfundisha mteja mmoja. Gari likapona, tawi likakatwa, mafundi wote wakakosa posho zao, na yeye akaonyeshwa mlango. Kikombe chake cha chai chenye maua ya buluu bado kilikuwa kwenye kabati la jikoni. Kila mtu alikiona, hakuna aliyekinywea.

Kiduchu hakutaka kuacha kikombe. Nyumbani alikuwa na mama mwenye presha, na vidonge vya mama vilitoka kwenye kaunta ile.

Basi siku moja alikuja mzee mmoja msafi, suruali imepigwa pasi mpaka unaweza kukatia mkate kwa mkunjo wake, ananukia poda. Alikuwa kinyozi. Duka alikuwa nalo, lakini siku hizi kazi yake kubwa ilikuwa kuzunguka na kigari chake mahospitalini na majumbani, kuwanyoa wagonjwa wasioweza kutoka kitandani.

"Mgonjwa akinyolewa, binti yangu," alimwambia Kiduchu, "anakumbuka kwamba ana uso."

"Gari lako lina tatizo gani, babu? Eleza kwa maneno yako."

"Linashtuka. Kama mtu aliyeitwa jina lake usingizini."

"Linashtuka tu? Na kabla ya kushtuka?"

"Kabla ya kushtuka halijashtuka." Mzee alicheka. "Linashtuka, linakwenda. Mwisho wake, jana, likagoma kabisa."

Nyuma yao Meneja alikohoa. Kiduchu akainamisha kichwa, akaandika "linashtuka". Mzee wa watu alikuwa ameizunguka nyumba yote ya lile neno, akapapasa kila ukuta, akakosa mlango.

Meneja akamweleza gharama. Kinyozi alisikiliza kwa adabu, akaitikia kila neno kama anayesikiliza maelekezo ya dawa. Halafu akasema sawa, atarudi baada ya siku chache. Kule dukani alikuwa na kiti kizuri, cha ngozi, kinachozunguka. Kuna mtu alikuwa akikitamani siku nyingi.

Kabla hajarudi na fedha, akaja dada.

Dada yake Kiduchu alikuwa mwanamke mkubwa wa mikono, mikono yenyewe imekunjamana kwa maji ya sabuni. Alifua mashuka ya nyumba za wageni, akayapiga pasi, akayarudisha kabla ya saa ya wageni kuingia. Pale gereji walimwita Mama Mashuka. Kigari chake cha pua ya paka alikinunua kwa kushauriwa na nani? Na Kiduchu huyo huyo. "Chukua hili, dada. Hili halitakuangusha." Alisema hivyo kabla ya agizo kuja, lakini maneno hayana tarehe usoni.

Siku hiyo kigari kilivutwa kwa kamba mpaka getini. Kinyozi naye alikuwapo, amekuja kuchukua mkoba wake wa mashine za kunyolea aliousahau garini, akakaa benchini kupumzika. Dada akakaa karibu naye mpaka zamu yake ilipofika, ndipo akasogea kaunta.

"Hujambo, mheshimiwa mpokezi?"

"Sijambo, mteja."

"Mbona umekonda? Wanakulisha nini humu, oili?"

Watu wa benchini wakacheka. Kiduchu naye alicheka, akabonyeza kinasa sauti. Kitaa kikawaka. Meneja alikuwa amesimama kwenye mlango wa ofisi yake, faili mkononi, halisomi.

"Gari lako lina tatizo gani? Eleza kwa maneno yako."

"Maneno yangu si unayajua? Lina kwikwi."

"Kwikwi?"

"Kwikwi! Hik! Hik! Nikilikanyaga linaguna, kama shemeji yako nikimtuma dukani."

Benchi lote likaangua kicheko. Kiduchu akaegemea kaunta.

"Yaani ukikanyaga mafuta, linaondoka hapo hapo?"

"Lingekuwa linaondoka hapo hapo, ningekuja kukuangalia wewe? Nakuona kila siku."

Meneja akakohoa. Kikohozi kile Kiduchu alikijua. Maana yake ni "umefika mpakani".

"Mama," Meneja alisema kwa upole, akasogea, "kwa hayo unayoyaeleza, kiwanda hakina msaada. Dhamana imekwisha. Matengenezo yatakuwa juu yako."

Uso wa dada ukazima kama taa. "Juu yangu? Kwani mimi ndiye niliyelizaa?"

"Ndivyo utaratibu ulivyo, mama."

"Nikinunua giaboksi, sabuni nitanunua kwa nini? Wageni hawalali juu ya godoro tupu wakanisubiri." Kisha akamgeukia mdogo wake, na safari hii hakukuwa na utani. "Wewe ndiye uliyenambia halitaniangusha."

Hapo, jamani, ndipo moyo wa Kiduchu ulipopasuka vipande viwili. Kimoja kilimwona mama kitandani na vidonge vyake. Kingine kilimwona dada huyu huyu, zamani, wakilala mkeka mmoja, wanategeana vitendawili gizani mpaka mama anagonga ukuta: lalani huko! Aliyeshindwa alimpa mwenzake mji, na Kiduchu kwa udogo wake alikuwa na miji mingi sana, maana dada alikuwa akishindwa makusudi.

"Dada," alisema. "Kitendawili."

Dada alimtazama kama mtu anayemwona mwenzake anacheka msibani. "Una wazimu?"

"Kitendawili, dada."

Kulikuwa na kitu katika sauti ile. Dada akayakunja mashuka ya hasira yake, akasema polepole, "Tega."

"Tano nimeivuka, saba sijaifika."

"Hicho hata mtoto wa chekechea anakijua. Sita."

Kiduchu hakupepesa macho. Kitaa chekundu kilikuwa bado kinawaka. Dada akalirudia neno kwa chini, kama anayeonja chumvi. "Sita..." Macho yakamtoka. "Sita! Linasita! Gari langu linasita! Nakanyaga, linasita, halafu ndipo linaondoka. Nimemaliza kueleza!"

Kiduchu akazima kinasa sauti. Meneja akarudi ofisini kwake, akaacha mlango wazi, na mlango wazi wa Meneja ulikuwa ni kuitwa.

Hakumfokea. Kiduchu angependa amfokee.

"Kaa," Meneja alisema. "Huko kiwandani watasikia ndugu wawili wanataniana. Dada yako atatengenezewa, na apone. Lakini mchezo huo umeishia leo."

"Bosi, magari yote yale yana ugonjwa mmoja."

"Najua. Shemeji yangu alitaka kununua moja, nikamwambia bora anunue punda." Hakucheka. "Unadhani mimi napenda? Agizo lile ni huruma ya kiwanda. Tukilipigia tarumbeta, wataliondoa, hata hao wachache wakose."

"Walijua toka mwanzo kwamba gia ni mbovu?"

"Walijua baadaye kidogo."

"Basi huruma inatoka wapi? Mtu akikuuzia ndoo inayovuja, akaziba tundu, kakuhurumia?"

Meneja alijipangusa uso kwa kiganja. "Haya, wewe niambie nani alipe. Mteja? Unasema hapana. Tawi? Tawi ni nani? Ni fundi wa gia ambaye mwaka jana alikosa posho na mkewe kajifungua. Ni mlinzi. Nani alipe, Kiduchu?"

"Aliyelitengeneza."

"Huyo hayupo hapa," alisema Meneja. "Hapa tupo sisi tu."

Kiduchu akainuka. Alipotoka aliona macho ya Meneja yanaelekea jikoni, kwenye kabati la vikombe.

Kigari cha dada kilipona, kikarudi barabarani kinakwenda kama kimelambishwa asali. Jioni moja Kiduchu alipita kwa dada kumsaidia kukunja mashuka uani. Kukunja shuka kunataka watu wawili: mnashika ncha, mnalivuta, mnasogeleana, mnakutana katikati, mnaachana tena. Kwa hiyo mazungumzo yao siku hiyo yalikuja vipande vipande, kila walipokutana.

"Yule mzee anayenukia poda," alisema dada. "Gari lake na langu ni moja?"

"Moja. Ugonjwa mmoja."

Wakaachana, wakavuta, wakarudi.

"Atalipa?"

"Anauza kiti chake cha kazi."

Shuka likakunjwa, likawekwa juu ya mengine. Dada akachukua jingine, akalishika kifuani bila kulifungua.

"Nyamaza, mdogo wangu. Najua ninalolisema si zuri, nimekaa naye yule mzee benchi moja, kanisimulia habari za wagonjwa wake mpaka nikalia. Lakini nyamaza. Yeye ana watoto wake. Mama ana sisi."

"Wewe nilikutegea."

"Mimi ni dada yako!"

"Ndiyo hilo linaloniuma," alisema Kiduchu.

Waliyamaliza mashuka, meupe kiasi cha kuumiza macho, na kila walipokutana katikati, kila mmoja aliangalia vidole vya mwenzake.

Kinyozi alirudi asubuhi, gereji imejaa. Fedha alikuwa amezifunga kwenye kile kitambaa cheupe cha kumfunika mtu anayenyolewa, akakiweka juu ya kaunta kama aliyeleta mkate.

"Kiti kimekwenda," alisema. "Aliyekinunua ana kipara. Nikamwambia, wewe utakitumia kwa kitu gani?"

Benchi likacheka. Kiduchu alikitazama kitambaa, akaona fundo lake, fundo la mtu mwenye vidole vyepesi. Sheria moja ilikuwapo ambayo hakuna aliyeizungumza: kabla ya kulipa, mteja anaweza kueleza tena. Akajiambia: kama dada aliweza, na huyu ataweza. Atalipata mwenyewe. Mimi nitakuwa nimemtania mzee, basi.

Akabonyeza. Kitaa kikawaka.

"Babu, kitendawili."

Nyuso zote za benchini zikainuka. Mzee akafurahi kama mtoto. "Ala! Miaka mingi sijategewa! Tega."

"Tano nimeivuka, saba sijaifika."

"Tano nimeivuka..." Mzee alikuna kidevu chake kilichonyolewa vizuri. "Kituo cha basi? Cha tano kimepita, cha saba bado, na mimi kibofu kinaniambia nishuke?"

Vicheko. "Umekaribia, babu. Jaribu tena."

"Basi ni uzee." Mzee alisema bila huzuni yoyote. "Ujana nimeuvuka, kaburi sijalifika."

Mwanamke mmoja benchini alisema "mh" kwa chini.

"Siyo, babu. Ni rahisi kuliko hapo. Hesabu tu."

"Ah, mimi na hesabu tuligombana shuleni, hatujapatana mpaka leo. Nimeshindwa, binti yangu." Akafungua viganja vyake. "Nakupa mji."

Kiduchu akaganda.

Katika kupanga kwake kote, hilo hakulifikiria. Dada alishinda, ikawa mteja kasema mwenyewe. Lakini mtu akishindwa akakupa mji, huna pa kukimbilia. Lazima utoe jibu kwa kinywa chako. Hivyo ndivyo vitendawili vilivyo tangu yeye mwenyewe hajazaliwa. Na kitaa kilikuwa kinawaka.

"Mji gani?" aliuliza, akitafuta muda.

"Huu huu tuliomo. Na vumbi lake, na foleni zake. Chukua wote."

Nyuma ya Kiduchu viatu vya Meneja vikasimama. "Kiduchu," aliita. Hakuita kwa ukali. Aliita kama mtu anayemwomba mwenzake asivuke barabara.

Angeweza kudanganya. Angesema jibu ni mlango, au kivuli, au lolote. Mzee angecheka, angefungua fundo, angelipa, angekwenda na mkoba wake kuwarudishia watu nyuso zao, akiwanyoa wamelala kwa sababu kwao hahitaji kiti. Mama angekunywa kidonge jioni. Hakuna ambaye angejua. Lakini kuupokea mji wa mtu kisha ukamnyima jibu! Hata gizani pale mkekani, hata alipokuwa mdogo na mchoyo, hilo hakuwahi kulifanya.

"Nimeupokea mji," alisema, na sauti yake ya upole ikasikika mpaka kwenye benchi la mwisho. "Nimekwenda nikakaa, nikaona watu wake wanalipia ugonjwa wa kitu wasichokizaa. Jibu ni sita, babu. Gari lako halishtuki. Linasita."

Mzee alilirudia taratibu. "Linasita." Akafumba macho, akakanyaga mafuta ya hewani kwa mguu wa kulia, akasikiliza. "Ee! Linasita, halafu ndipo linashtuka. Hilo hasa! Kumbe lilikuwa na jina?"

"Lilikuwa nalo siku zote, babu. Wenyewe wanalijua. Funga fedha zako."

Mkono wa mzee ulibaki juu ya kitambaa. Aliangalia fundo, akamwangalia Kiduchu, na furaha ikaanza kumtoka usoni kidogo kidogo, kwa maana alikuwa mtu aliyezoea kusoma nyuso. "Binti yangu," alisema, "na wewe hapa utabaki na nini?"

Kiduchu alikuwa ameshavuta droo. Alitoa kitana chake, na miwani ya akiba, na mtandio wa siku za baridi. Akakumbuka kikombe chake, kiko jikoni, kabatini, jirani na kile cha maua ya buluu. Akaamua atakwenda kukichukua. Hicho hatakiacha.

"Dada mpokezi," aliita mwanaume mmoja benchini, ameshika ufunguo, "umesema linafanya nini? Maana na langu mimi..."

"Kiduchu," alisema Meneja. "Zima hicho kitu."

Kiduchu alikitazama kile kitaa chekundu, kisha akamtazama mzee, ambaye mdomo wake ulikuwa bado wazi, ana la kusema.

"Siwezi, bosi," alisema. "Mteja hajamaliza kueleza."